Nembo Iliyobaki Kifuani

Mtaani walimwita Mama Hakikisha, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, akafika kwenye kona, kisha akarudi kuusukuma kwa bega aone kama umefungwa kweli. Jiko la gesi alilizima, halafu akaliinamia na kulinusa. Watoto wake walishakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake, lakini bado aliwapigia simu kuuliza kama wamekula, na akisikia sauti imekwaruza kidogo tu, siku yake nzima ilitumbukia nyongo. Mumewe, dereva wa lori la saruji, alipenda kuwaambia wenzake kwamba siku akifa, wachimba kaburi itabidi wasubiri kwanza mpaka mkewe aridhike kwamba amekufa kweli.

Kazi yake ilikuwa kudarizi. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikigeuza karakana. Upande wa dirisha ilikaa mashine ya kudarizi, chuma kitupu, nzito kiasi kwamba wanaume walioiingiza ndani walitoka hawasemeshani. Ilikuwa ya zamani, na haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Michoro yote ilikaa ndani ya kompyuta iliyokuwa mezani pembeni yake, na waya mmoja mnene ndio uliopeleka maagizo: sindano iende huku, irudi huku, sasa badilisha uzi, sasa kata. Bila kompyuta, mashine ile ilikuwa meza ya kuwekea vikombe vya chai.

Alidarizi majina kwenye mashuka ya maharusi, nembo za timu za mpira, na herufi kwenye aproni za wauza nyama. Lakini kazi iliyokiweka chumba kile hai ilikuwa moja, ya chuo cha wauguzi. Kila mwaka wanafunzi waliomaliza walivaa makoti meupe yenye nembo ya chuo upande wa moyo: mikono miwili imeshika beseni, na tawi la majani limepinda chini yake. Mchoro huo aliujenga mwenyewe, baada ya bintiye mkubwa kumfundisha kushika kipanya kabla hajaondoka nyumbani. Na haikuwa kazi ya kuchora tu. Ilibidi aamue nini kishonwe kwanza, nyuzi zilale upande gani, zibanane kiasi gani. Akizibana mno, kitambaa kinajikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Akizilegeza, weupe wa koti unachungulia katikati ya beseni. Vidole vya ile mikono vilimtoa jasho kwa miezi, na vipande vilivyoharibika vilikuwa vingi hata akavijazia mito yote ya sebuleni.

Kwa hiyo alijua thamani ya alichonacho, na kwa jinsi alivyo, alikilinda. Kila Ijumaa kabla ya kufunga kazi alichomeka flashi nyekundu ubavuni mwa kompyuta, akakishika kwa kipanya kile kijipicha cha kabati kilichoandikwa KAZI ZANGU, akakiburuta mpaka ndani ya flashi. Kisha alikifungua kutoka humo humo kwenye flashi, aone kwa macho yake. Nembo zote zilikuwepo, zimejipanga. Akaichomoa, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia ndani ya kopo la vifungo, akaenda kulala akiwa na amani ya mtu aliyeweka akiba.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi mtaa wa pili, alimcheka sana kwa kopo hilo. Alimwambia mara nyingi ampe na yeye nakala aiweke kwenye kompyuta ya dukani, kwa sababu nyumba ikiungua, kopo nalo linaungua. Mama Hakikisha alimjibu kwa tabasamu la mdomo tu. Wifi alikuwa mtu wa maneno mengi, duka lake linaingia kila mtu, na yeye asingepata usingizi huku kazi yake imekaa kwenye kompyuta inayoguswa na wapita njia.

Ikafika wiki ambayo mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alimpigia simu kumwambia makoti ya mwaka huo yako tayari kuletwa. Alimkumbusha, bila kuficha, kwamba kiwanda kimoja cha sare katikati ya mji kinaililia kazi hiyo na kina mashine mpya. Wao chuoni wamebaki naye kwa sababu nembo yake haibadiliki. Waliomaliza zamani na wanaomaliza leo wakisimama pamoja, hakuna anayeweza kujua koti lipi ni la mwaka gani. Mama Hakikisha akamwambia asiwe na wasiwasi.

Kesho yake umeme ulikatika akiwa katikati ya aproni, kama unavyokatika siku zote. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo. Balbu iliwaka nyeupe kuliko kawaida, friji likaguna, na ndani ya kompyuta kikasikika kitu kama kijiti kinachovunjwa. Ikafuata harufu. Mashine ya kudarizi ilinusurika. Kompyuta haikuamka.

Hata hapo hakubabaika. Aliifunga kwenye shuka, akaibeba kama mgonjwa hadi kwa fundi kompyuta. Fundi aliifungua, akaimulika, akaijaribu hivi na vile, kisha akatikisa kichwa. Diski iliyobeba kila kitu ilikuwa imeungua, haisomeki na haitasomeka. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Mama Hakikisha alimwacha amalize. Halafu akatoa kitambaa kwenye mkoba, akakifungua taratibu, kwa kiburi kidogo, akampa flashi nyekundu. Akamwambia ajali kama hii yeye aliiwekea mtego miaka mingi.

Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kioo kikaandika kwamba kinachotafutwa hakipo.

"Mama, hii ulikuwa unaifungulia wapi?"

"Kwangu. Kwenye kompyuta hii hii. Kila Ijumaa inafunguka."

Fundi akakikuza kile kijipicha, akamwonyesha kimshale kidogo kilichokaa kwenye kona yake ya chini. Miaka yote alikiona kimshale kile. Alidhani ni pambo.

"Hiki siyo kabati, mama yangu. Hiki ni kibao cha njiani. Kinasema kazi ziko kule, nenda. Ukikisoma ukiwa kwako, kinakupeleka na unafika. Ulikuwa unanakili kibao."

"Na kazi zenyewe?"

"Zilikuwa kule kinakoelekeza." Akaitazama ile diski iliyoungua.

Aliketi juu ya boksi la printa bila kuuliza kama linakaliwa. Hakulia. Kilichomkata maini hakikuwa uzembe, maana uzembe hakuufanya. Alihakikisha, tena kila wiki. Ila alihakikisha kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa na vitu vyenyewe. Ni sawa na kumuuliza mtu mmoja kama anasema kweli, akajibu ndiyo, ukamuuliza tena yeye yule yule, akajibu ndiyo, nawe ukaenda zako umeridhika. Fundi alimhurumia. Alimwahidi diski mpya, na ile programu ya kudarizi pia angeirudisha, kwa kuwa CD yake ilikuwa bado kwenye kasha la mashine. Nembo hakuweza kumrudishia.

Nyumbani mumewe alimpa ushauri aliouona mwepesi: achore nyingine inayofanana, kwani nani atakayekodolea macho kifua cha muuguzi? Alijibiwa kwa jicho moja tu, akaenda kuoga.

Wifi alifika jioni, habari ameshazipata kwa fundi. Aliingia na maneno yake tayari mdomoni.

"Enhe wifi, kopo la vifungo linasemaje?"

"Cheka umalize," Mama Hakikisha alimwambia, "halafu unisaidie."

Wifi akayameza yaliyobaki, akavua viatu, akauliza waanzie wapi.

Walianzia kwenye mito ya sebuleni. Waliipasua yote, wakamwaga sakafuni vipande vilivyoharibika vya miaka ile, wakavipanga kama watu wanaotafuta maiti ya ndugu. Hiki uzi ulibanwa mno. Kile vidole vimevimba kama vya mgonjwa. Hiki tawi limepanda juu ya beseni. Makosa yalikuwepo yote, hata mengine alikuwa ameshayasahau, lakini nembo iliyokamilika haikuwepo hata moja. Zilizokamilika ziliondoka zote na makoti.

Hapo akashika shavu, na wifi akajua kuna kitu kinapikwa. Nembo yake haikuwa imekufa. Ilikuwa inatembea mjini, vifuani mwa watu.

Asubuhi alijitokeza kituo cha afya, akakaa kwenye foleni ya chumba cha sindano bila cheti wala ugonjwa. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alipita na kurudi, na kila alipopita, macho ya Mama Hakikisha yalimganda kifuani. Wagonjwa wakaanza kukonyezana. Mwishowe muuguzi akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Dada, wewe unaumwa nini?"

"Siumwi. Naangalia kifua chako."

"Wanaoangalia kifua changu kwa kawaida ni wanaume," muuguzi akasema, "na huwa hawakiri."

Foleni nzima iliangua kicheko, hata mzee mmoja aliyekuwa ameshika shavu kwa jino akacheka kwa upande uliobaki mzima. Mama Hakikisha hakucheka. Alisimama, akagusa ukingo wa ile nembo kwa kidole, akamweleza kwamba uzi ule ulipita mikononi mwake, na kwamba nyumbani kwake hakuna tena kinachoweza kuushona. Akamwomba koti.

Muuguzi alilitazama kama analiona kwa mara ya kwanza. Lilikuwa lake la siku ya kumaliza chuo, hakuwa na lingine lenye nembo. Zamu ilipoisha akalivua, akalikunja vizuri, akalikabidhi akiwa amebaki na sweta lake lililotoboka kiwiko. Akamwambia neno moja tu: lirudi.

Fundi alikuwa ameshairudisha kompyuta. Mama Hakikisha aliligeuza koti ndani nje, akaipekua nembo kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu mshono mbele unaonyesha uzuri wake, bali mambo yake yote yako nyuma. Mafundo yalimwonyesha uzi ulikoanzia na ulikokatwa. Tawi alilipata. Ukingo wa beseni aliupata. Lakini vidole vilikataa. Kila alipovijenga upya na kuvishona kwenye kipande cha majaribio, kitambaa kilijikunja. Palikuwa na kitu chini, mshono uliofunikwa na mshono, na njia ya kukiona ilikuwa moja tu, kuifumua nembo ya muuguzi.

Alichukua wembe. Alikuwa ameshauingiza chini ya uzi wa kwanza aliposhtuka. Kitu kilichobaki mkononi mwake ni hiki hiki kimoja, naye anakikata. Akauweka wembe mezani, mbali, kana kwamba ungeweza kuendelea wenyewe.

Kwanza alirudi kituo cha afya kuomba ruhusa, maana koti si lake. Muuguzi alimsikiliza huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Fumua. Lakini ukishindwa kuirudisha, utakuja wewe hapa kuwachoma hawa, na mimi nitakaa kwenye mashine yako."

Kisha akaenda mahali ambapo hakuwahi kupeleka kazi yake, dukani kwa wifi. Wakailaza nembo kwenye kioo cha kuskani, mbele na nyuma, kwa ukubwa wa kuhesabika nyuzi. Wifi alipotaka kuzihifadhi picha, Mama Hakikisha alimsimamia begani, akamuuliza nani mwingine anaigusa kompyuta hiyo, na saa ngapi, na kwa nini. Wifi alivuta pumzi ndefu. Akamfungulia sehemu yake peke yake, akamwambia aweke nywila anayoitaka, yeye atageukia ukutani. Mama Hakikisha akaiandika kwa kidole kimoja, huku mkono wa pili umeifunika kibodi, na wateja wakisubiri fotokopi zao kwa uvumilivu. Picha zile zile akamtumia na bintiye kwa simu. Bintiye akauliza ni za nini. Akajibiwa azitunze kwanza, maswali baadaye.

Ndipo akafumua. Hakufumua kwa pupa. Alitoa rangi moja, akapiga picha, akaituma, akaenda mtaa wa pili kuhakikisha imefika na inafunguka huko, ndipo akarudi kutoa rangi nyingine. Wifi alilalamika kwamba njia ya kati ya nyumba hizo mbili sasa itaota bonde. Mama Hakikisha aliendelea kwenda na kurudi.

Chini ya vidole alikuta alichokuwa amekisahau kabisa. Kabla ya vidole kushonwa, kulikuwa na mishono myembamba ya msingi iliyolala mshazari, kinyume na nyuzi za juu. Ndiyo iliyokishika kitambaa kisijikunje. Kumbe siku ile ya zamani alipoipatia, aliipatia kwa mishono hii, akafurahi, akaifunika, na akili ikaifuta kwa kuwa kompyuta inajua. Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa akili yake mwenyewe, imerudi kwake kupitia kifua cha mtu mwingine.

Alishona kipande cha kwanza, vidole vikakaa lakini beseni likaegemea upande. Akashona kingine. Mumewe aliporudi na vumbi la saruji kichwani, alimkuta hajapika, akapika mwenyewe, akamwekea sahani juu ya mashine. Aliila akiwa amesimama, macho kwenye kioo. Hakukubali kufikiria kiwanda cha mjini. Kila wazo hilo lilipobisha hodi, alibadilisha uzi.

Nembo ilipokaa, ilikaa kama haijawahi kuondoka. Ya kwanza kabisa aliishona kwenye koti la muuguzi, mahali pale pale, na akalipeleka mwenyewe. Muuguzi akaipapasa, akaivuta huku na huku, akasema sasa anaweza kuendelea kuangaliwa.

Kuanzia hapo hakuna siku aliyofunga kazi bila kunakili, na sasa alinakili faili zenyewe, siyo kijipicha. Nakala moja ilikaa nyumbani. Nyingine ilikuwa kwenye diski ndogo inayolala dukani kwa wifi, na nyingine alikuwa nayo bintiye, mbali. Fundi alimtafutia programu ndogo inayoweza kuionyesha nembo kwenye kompyuta yoyote, hata isiyojua kudarizi, akaiweka pamoja na nakala. Na Mama Hakikisha alijiwekea sharti moja: nakala ambayo haijafunguka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwake bado haijazaliwa.

Siku ya kupeleka sampuli chuoni, mkuu wa chuo alimpokea akiwa na koti lake la zamani mezani. Akaziweka nembo mbili bega kwa bega, akazisugua kwa dole gumba, akazigeuza nyuma. Alichukua muda wake. Karani aliyekuwa kwenye meza ya pembeni aliacha kuchapa.

"Ni ile ile," mkuu akasema hatimaye. "Lakini nimesikia habari za kituo cha afya. Ilikuwa imepotea."

"Ilipotea, mkuu."

"Na mwakani ikipotea tena? Mimi nina watu wa kuvisha. Kiwandani hawana visa hivi."

Swali hilo alilitarajia tangu alipofunga mlango wa nyumba yake. Hakuapa, wala hakubembeleza. Aliomba kitu kimoja, karani asogee kidogo. Akachomeka flashi kwenye kompyuta ya chuo, ambayo hakuwahi kuigusa, akabonyeza. Mikono ikatokea kwenye kioo, na beseni, na tawi, na chini yake mpango wa mishono, rangi kwa rangi, ule wa mshazari ukiwa wa kwanza.

Mkuu alikunja uso. "Na hiyo flashi ikipotea?"

Mama Hakikisha akamwandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akamwomba apige mwenyewe. Mkuu alimtazama kuona kama ni mzaha, akaona siyo, akapiga. Wifi alipokea kwa sauti iliyojaa ofisi nzima. Aliposikia ni nani, alifungua diski, akaanza kueleza anachokiona: mikono ipo, beseni lipo, majani yapo, tena yale ya kushoto amewahi kumwambia wifi yake kwamba ni membamba mno ila hasikii, na kama mkuu angehitaji fotokopi za vyeti, bei zake zinazungumzika. Mkuu alilazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

"Huyu huwa anaongea hivi siku zote?"

"Siku zote," Mama Hakikisha akajibu. "Lakini anatunza."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, aliona meno ya mkuu wa chuo. Mkuu akamwagiza karani atoe mafurushi ya makoti stoo, yote, akaongeza kwamba na ya mwakani yatakuja kwake. Karani alipoinuka, Mama Hakikisha alimzuia kwa mkono. Bado, alisema. Nembo hii ni ya chuo, na chuo nacho kiwe na nakala yake. Akauliza ni mahali gani ndani ya kompyuta ile pasipochezewa, akaoneshwa, akaiweka. Halafu akamwomba karani aizime kompyuta kabisa, aiwashe upya, aifungue nembo mbele yake. Mkuu alianza kusema kwamba ina kawaida ya kuchelewa kuwaka. Mama Hakikisha akavuta kiti, akaketi, akaupakata mkoba wake, akakiangalia kioo cheusi mpaka kikawaka.